Choa kikishaingia nyumbani: jinsi ya kukitoa mpaka kisirudi

Assalam aleikum jamani. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Langoni, Lamu, kazi yangu ni kuingia nyumba kwa nyumba, na choa nakutana nacho sana hasa miezi ya mvua hewa ikiwa nzito na nguo hazikauki. Hadithi ni ile ile. Mtoto katoka duara shingoni, mamake kanunua krimu, limepotea, wiki tatu baadaye jingine mkononi, mara na dadake anajikuna, basi wote wanasema dawa ni feki. Mara nyingi dawa ni nzima, ila tumemtibu mtoto mmoja tukaiwacha nyumba.

Na mimi yalinipata. Binti yangu wa miaka sita alirudiwa mara tatu, kila mara shavuni upande wa kushoto, mpaka usiku mmoja nikaenda kumfunika nikamkuta paka wetu kajikunja juu ya mto wake, uso kwa uso. Asubuhi nikamchukua paka mpaka uani kwenye mwangaza nikamfunua manyoya. Nyuma ya sikio alikuwa na kipara kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kina unga unga kama jivu, na manyoya ya pembeni yamekatika kama yaliyoungua. Mwaka mzima nampaka mtoto krimu na kila usiku analala na ugonjwa juu ya mto wake. Tangu siku hio nafanya hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni choa kweli

Choa ni fangasi, si mnyoo. Nasema hivi manake Kiingereza kimekiita kwa jina la mnyoo na watu wanawapa watoto dawa ya minyoo, haisaidii kitu. Tazama duara: ukingo umeinuka kidogo na una magamba, katikati kunaanza kuwa safi, linawasha, na linapanuka polepole. Kwenye ngozi nyeusi si lazima liwe jekundu, laweza kuwa la kahawia au la kijivu. Kichwani ni tofauti, hapo ndipo twaita mapunye au mashilingi, nywele zinakatika na kuwacha vipara vyenye magamba, saa ingine vidoa vyeusi vya nywele zilizokatikia kwenye ngozi.

Kama doa limepauka, haliwashi, na ukiligusa kwa pamba mtoto hahisi kitu, wachana na krimu nenda hospitali, huo waweza kuwa ukoma na una dawa yake.

Hatua ya 2: Kagueni wote siku moja

Wote ni wote. Baba, nyanya, mtoto wa jirani anayelala kwenu, na paka. Mwangaza wa mchana, kichwa nyuma ya masikio na kisogoni, shingo, kwapa, mapaja, katikati ya vidole vya miguu. Wazee huona haya kusema kinenani kunawasha, basi mume amuulize babake, mke amuulize mamake, kwa heshima na faraghani. Mara nyingi fangasi ya kinenani imetoka miguuni kwa mtu huyo huyo, taulo moja limefuta miguu kisha likapanda juu. Miguu iwe na taulo lake.

Hatua ya 3: Dawa, na muda wake

Choa cha mwilini krimu ya klotrimazole asilimia 1 inatosha kwa wengi. Osha, kausha kabisa, paka mara mbili kwa siku, na upake kupita ukingo wa duara kama upana wa kidole kwa sababu fangasi huwa imeshatangulia mbele ya pale unapopaona. Wiki 2 mpaka 4. Na hapa ndipo wengi tunapokosea, duara likififia tunafunga tyubu tunaiweka kidakani. Endelea wiki moja au mbili zaidi baada ya ngozi kuwa safi. Kuna na ya terbinafine, hio huchukua muda mfupi zaidi, muulize mwenye duka la dawa.

Sasa nisikilizeni vizuri dada zangu. Ile krimu ya mchanganyiko, ya "dawa tatu ndani ya moja", na zile za kung'arisha uso, nyingi zina steroidi kali. Ukipaka kwenye choa muwasho unakata siku hio hio unafurahi, kumbe umezima kinga ya ngozi na fangasi inatambaa chini kwa chini. Baada ya mwezi duara halina umbo, limesambaa, hata daktari anapata shida kulijua. Nimeona mama kijana uso mzima umeenea kwa ajili hio na aliuziwa kwa nia njema tu. Soma boksi, ukiona betamethasone au clobetasol, ndizo hizo steroidi, rudisha. Na maji ya betri, mafuta taa, vitunguu thaumu vya kusaga, tafadhali. Vinaunguza ngozi na jeraha la kuungua ndio mlango wa maradhi mengine.

Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu. Hayaponi. Fangasi imeingia ndani ya unywele na krimu haifiki huko, inatakiwa dawa ya kumeza ya daktari au afisa wa kliniki, kwa kawaida griseofulvin wiki 6 mpaka 8, au terbinafine. Griseofulvin inaingia mwilini vizuri pamoja na mafuta, basi mpe mtoto baada ya samaki wa nazi au na maziwa yasiyotolewa mafuta, si kwa maji matupu kabla ya chuo cha Kurani. Mama mjamzito asiimeze. Watu wengine wa nyumba waoshe kichwa kwa shampuu ya ketokonazole mara mbili kwa wiki, iwekwe dakika 5 kabla ya kusuuza, kwa sababu mtu aweza kuwa na fangasi kichwani bila dalili yoyote. Na kichwa kikivimba laini kama sifongo, kinatoa usaha na mtoto ana homa, usikipasue wala usisubiri Jumatatu, mpeleke hospitali, pale asipotibiwa haraka nywele huenda zisiote tena.

Hatua ya 4: Siku ya kufua

Ianze siku ile ile ya kuanza dawa. Shuka, foronya, leso, vikoi, taulo, miswala, mitandio, kanzu za chuo. Kung'uteni nje, si ndani, kwa sababu kinachoambukiza ni vumbi la magamba na vinywele. Maji ya moto kama nguo inastahimili, sabuni, na zaidi ya yote fikicha sana kwa maji mengi kisha rudia mara ya pili. Kufikicha na kusuuza ndiko kunakoondoa mbegu za fangasi, kwa hio buibui jeusi halihitaji Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), lifue mara mbili tu. Anika juani mpaka ikauke kavu, nguo iliyokunjwa na unyevu ni kazi bure.

Kofia za vito ndizo zinazowatia watu wasiwasi, na nawaelewa, kofia iliyoshonwa kwa mkono miezi haitiwi kwenye maji yanayochemka. Mimi hutumia maji vuguvugu na sabuni, brashi laini ya meno kwenye vishimo na ukingo wa ndani unaogusa paji la uso, suuza, rudia, kisha naivalisha kwenye bakuli lililofunikwa ikauke na umbo lake. Mpaka matibabu yaishe kila mtoto kofia yake, iandike jina ndani kwa kalamu.

Godoro la sufi halifuliki. Lipeleke darini, lipige, ligeuze pande zote mbili juani, na shuka zibadilishwe kila siku mbili tatu. Jua linasaidia lakini peke yake halitoshi.

Hatua ya 5: Nyumba yenyewe

Usifagie kavu, unarusha kila kitu hewani na nyumba zetu za mawe hewa haizunguki sana. Nyunyiza maji kidogo, zoa, kisha deki kwa sabuni, na mwisho ndio Jik, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, iwachwe dakika 10 ikiwa bichi. Jik juu ya uchafu haifanyi kazi, ndio maana sabuni inatangulia. Fungua madirisha, na usiichanganye kabisa na dawa ya choo au kitu chenye amonia, moshi wake unaumiza kifua. Vitana loweka humo humo, vilivyojaa meno yaliyovunjika tupa. Mkeka wa miyaa ufute kwa sabuni, utie jua, na kama ni mkongwe umeshachakaa afadhali uchomwe.

Rudia mara mbili kwa wiki muda wote wa dawa. Mbegu za fangasi ya paka zinaweza kukaa ndani ya nyumba zaidi ya mwaka, ndio maana deki moja haitoshi.

Hatua ya 6: Paka, na punda

Usimfukuze paka. Atapita madarini ataingia kwa jirani na wiki ijayo yuko kwako tena, na ugonjwa umeugawa mtaa mzima. Msikilize daktari wa mifugo, kuna dawa ya kumeza na ya kuogeshea. Usimpake krimu ya mtu, atailamba. Aketi chumba kimoja kisicho na busati, na asipande kitandani kwa mtu.

Wenye punda, kagueni chini ya tandiko. Punda naye hushika choa, na vijana wanaobeba mchanga na mawe hukipata mapajani na mikononi. Kila punda na gunia lake. Kliniki ya punda ipo Lamu tangu 1987, ulizeni huko.

Hatua ya 7: Nje ya nyumba

Kinyozi afute mashine kwa spiriti mbele yako, mwambie, si kumvunjia heshima. Mwalimu wa chuo aambiwe pia ili watoto wasibadilishane kofia, lakini mtoto aliyeanza dawa asome na wenzake, hana sababu ya kuketi mbali wala kuchekwa.

Choa hujitokeza siku 4 mpaka 14 baada ya kuguswa, kwa hio mwingine akitoka wiki ya pili msikate tamaa, alishaambukizwa kabla ya ile deki ya kwanza, mwanzisheni dawa naye. Kagueni wote tena wiki ya 2, ya 4 na ya 6. Kama duara halijapungua baada ya wiki 2 za krimu sahihi, au mgonjwa ana sukari, au ni mtoto mchanga, nendeni hospitali na mchukue boksi la kila dawa mliyompaka, hata ile mnayoona aibu kuionyesha.