Namna ninavyofuatilia jina la madini: kisa cha wolfram

Anza kwa kuandika jina lenyewe katika lugha sita hivi. Maana iache kwanza. Daftarini mwangu, metali ya ule waya unaowaka ndani ya balbu inasomeka hivi: Kijerumani wolfram, Kipolandi wolfram, Kirusi volfram, Kiingereza tungsten, Kifaransa tungstène, Kiitaliano tungsteno. Koo mbili zimeshajitenga zenyewe. Kihispania kina wolframio na tungsteno pia, kwa hiyo kipigie nyota. Lugha ikishika majina mawili, kuna kesi ndani yake.

Sasa chukua ukoo mmoja, ulivunje jina vipande. Tung sten ni Kiswidi: jiwe zito. Wepesi wa jambo hilo ulinitia aibu, maana niliwahi kumfundisha mwanafunzi kwamba Waswidi wenyewe huiita metali hiyo tungsten. Kumbe wao husema volfram! Sikuwa nimeuliza jina lilibandikwa kwenye kitu gani. Tungsten lilikuwa jina la jiwe, lile ambalo mkemia Carl Wilhelm Scheele alitoa asidi ndani yake mwaka 1781, na ambalo sasa huitwa shelaiti kwa heshima yake. Metali yenyewe waliipata ndugu wawili, Juan José na Fausto Elhuyar, mwaka 1783 mjini Bergara, Hispania, tena kutoka jiwe jingine, wolframaiti. Wakaiita kwa jina la jiwe lao. Ndiyo kesi ya Kihispania hiyo.

Ukoo wa pili usiukimbilie. Wolf ni mbwa mwitu, na Rahm, kwa kamusi ya leo, ni malai. Malai ya mbwa mwitu? Kamusi ikikupa kichekesho, rudi kwa watu waliolishika jiwe. Wachimbaji wa bati wa Saxony, Ujerumani, waliona kwamba jiwe hili likichanganyika tanurini, bati linalopatikana hupungua, kama kondoo zizini alimoingia mbwa mwitu. Mwaka 1546 mtaalamu wa madini Georgius Agricola aliliandika kwa Kilatini lupi spuma, povu la mbwa mwitu. Lakini Kijerumani cha kale kilikuwa pia na neno rām, masizi, na jiwe lenyewe ni jeusi au la kahawia iliyokolea. Mimi naegemea masizi.

Halafu tazama alama ya kemia, kwa sababu huko ndiko jina lililoshindwa hujificha. Waingereza hutamka tungsten, wakaandika W. Ukishaizoea njia hii, fungua ukurasa mpya ujaribu Na ya sodiamu na K ya potasiamu.