SOMO: Kufuatilia manowari ya matanga ya karne ya 18

Wakuu, swali hili naulizwa kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Mfano ni HMS Leopard ya Uingereza, iliyotia nanga Unguja mwaka 1799.

1. Jina peke yake halitoshi, Leopard zilikuwa kadhaa. Yetu ni ya mizinga 50, ilianza kuundwa 1776, ikashuliwa majini Sheerness, Uingereza, 1790.

2. Daftari la nahodha liko kwenye nyaraka za taifa, Kew, London, fungu ADM 51 (ADM ni nyaraka za jeshi la majini).

3. TAREHE. Hapa niliharibu. Baharini Waingereza walianza siku adhuhuri, na ikabeba tarehe ya kesho. Alasiri ya tarehe 9 kwa mtu wa nchi kavu, daftarini ni tarehe 10. Nikaona barua ya nahodha fulani inapingana na daftari lake, nikaandika kwamba amedanganya. Hakudanganya, na ilinibidi nifute makala nzima. Sisi ambao usiku wa Ijumaa kwetu ni Alhamisi jua likishazama, jambo hili tunalielewa tukitulia. Angalieni: asubuhi haibadiliki, rudisheni siku moja kwa alasiri na usiku hadi saa sita tu. Meli ikiwa bandarini, mara nyingi walifuata siku ya kawaida. Agizo la kuacha kuanza siku adhuhuri lilitoka Oktoba 1805.

4. Msiishie kwenye vita. Juni 1807 Leopard iliipiga manowari Chesapeake ya Marekani karibu na Virginia, ikachukua mabaharia 4 kama watoro. Baadaye ikafanywa ya kubeba askari, na 1814 ikavunjikia kisiwa cha Anticosti, Kanada.

MASWALI

— Mkuu, ilishuliwa lini?
— Hatua ya 1.

— Nifupishie yote, nawasilisha kesho.
— Hatua ni nne tu. Soma.

— Kaka, mabaharia wa kawaida nao wanapatikana?
— Wanapatikana, ndugu yangu! Fungua ADM 36, vitabu vya majina: umri, alikozaliwa, na herufi pembeni. D ameondoka melini, DD amefariki, R ametoroka. Mmoja wa wale 4, Jenkin Ratford, alinyongwa Halifax, Kanada, mwaka huohuo wa 1807. Ukikwama kwenye mwandiko, nitumie picha ya ukurasa tusome pamoja.

— Kupiga picha kule wanaruhusu?
— Ndiyo, kwa simu, ila zima mwako (flash). Piga na jalada, usije ukasahau ukurasa umetoka kitabu gani.