Jinsi Daktari Anavyoweza Kujenga Timu ya Kuwahudumia Wazee

Mama wa miaka 78 anapoketi mbele yako katika kliniki ya Kayole au Kawangware, mitaa ya Nairobi, kwa kawaida haleti ugonjwa mmoja. Ana shinikizo la damu na kisukari, magoti yanamuuma, usingizi umempotea, na binti aliyemsindikiza anasema kwamba siku hizi mama husahau sufuria mekoni mpaka ikaungua. Dakika chache ulizo nazo hazitoshi mambo hayo yote, na kumwandikia dawa ya sita juu ya tano anazomeza ndilo kosa ambalo sisi madaktari hulifanya kwa urahisi zaidi.

Usisubiri kumpata bingwa wa magonjwa ya wazee ndipo uanze, kwa kuwa mabingwa hao ni wachache mno nchini. Anza na muuguzi mmoja na mfamasia mmoja. Mtaalamu wa tiba ya viungo, mtaalamu wa lishe na afisa wa ustawi wa jamii wataingia kadiri wanavyopatikana, hata wakiwa katika kituo kingine. Kinachowaunganisha ni karatasi moja ambayo wote wanaiandika na wote wanaisoma. Igawe katika mambo manne yanayotumiwa tangu 2017 katika mpango wa Marekani wa kuzifanya hospitali ziwafae wazee: jambo analolithamini mzee mwenyewe, dawa, akili, na mwendo.

Dawa ndizo huonyesha faida ya timu mapema. Mwombe mgonjwa aje na mfuko wenye kila kinachomezwa nyumbani, ziwe dawa za hospitali, za duka la mtaani, za jirani au za mitishamba, kisha mfamasia azipange mezani na kuuliza kila moja inamezwaje kwa kweli. Huenda akakuta klofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, ikimezwa kila usiku ili kuleta usingizi, ingawa kwa wazee inaweza kuvuruga akili na kuzuia mkojo. Huenda akakuta diklofenaki ya maumivu ya magoti ikiandamana na enalaprili ya shinikizo la damu na dawa ya kuongeza mkojo, mchanganyiko unaoweza kuumiza figo, au glibenklamidi ya kisukari kwa mtu anayekula mara moja kwa siku, ambaye sukari yake inaweza kushuka ghafla. Mfamasia akikuambia kwamba dawa uliyoiandika wewe iondolewe, msikilize mbele ya wenzake na umjibu kwa hoja. Hapo ndipo penye mtihani, maana tulifundishwa kwamba kalamu ya daktari ndiyo ya mwisho, na naamini timu nyingi hufa kwa sababu hiyo hata kabla ya kuzoeana. Mkikubaliana kuondoa dawa, ondoeni moja baada ya nyingine. Zile kama diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, iliyotumiwa kwa muda mrefu, hupunguzwa polepole.

Mwendo umwachie muuguzi. Mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Apimwe pia shinikizo akiwa amelala na tena ndani ya dakika 3 za kusimama, kwa kuwa namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda dawa zako ndizo zinazomwangusha.

Kuhusu akili, timu nzima ijue kutofautisha. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana au juzi ni dharura inayodai kutafutwa kwa maambukizi, upungufu wa maji au dawa mpya siku hiyo hiyo, ilhali kusahau kunakozidi kwa miezi na miaka kunahitaji uchunguzi wa utaratibu, na jamaa waelezwe wazi kwamba huo ni ugonjwa, si uchawi.

Swali la jambo analolithamini lazima aulizwe mzee mwenyewe, katika lugha anayoimudu, iwe Kikamba, Kikuyu au Dholuo. Katika timu pengine yupo anayeizungumza, na ni afadhali huyo kuliko mjukuu, ambaye mbele yake nyanya hawezi kutaja kwamba mkojo unamponyoka. Anayetaka kwenda kanisani kwa miguu yake hahitaji mpango sawa na wa anayetaka kulala usiku bila maumivu.

Kutaneni nusu saa kila wiki, mzungumzie wagonjwa wasiozidi watano, na kila uamuzi uandikwe na jina la atakayeutekeleza na tarehe. Afisa wa ustawi wa jamii ahakikishe kwamba mzee amesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kama amefikisha miaka 70, aulizie Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha. Mhamasishaji wa afya ya jamii, anayetambuliwa na sheria ya afya ya msingi ya 2023, amtembelee nyumbani kuangalia ngazi, choo na chakula, halafu arudi kuwaeleza ninyi alichokiona.

Panga miadi yote ya mzee mmoja iwe siku moja, kwa sababu kila safari ya matatu ni nauli, ni ngazi za kupanda, na ni siku ya kazi ambayo binti yake anaikosa.