Laptopu imewaka lakini kioo ni giza? Imulike

Juzi hapa Mwanjelwa nusura nilipie kioo kipya, kumbe kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo tu. Kabla hujatoa hela, ongeza mwanga kwa vitufe vyake, kisha kaa gizani umulike kioo kwa tochi ya simu, karibu kabisa na kwa upande. Ukiona saa au mafaili kwa mbali kama kivuli, kioo chenyewe bado kinachora picha. Kioo cha LCD, aina iliyo kwenye laptopu nyingi, hakina mwanga wake, kinaazima wa taa za nyuma. Basi mwambie fundi aanze na taa, waya wa kioo na fyuzi ndogo ya kwenye bodi. Usipoona chochote, unganisha laptopu na TV kwa waya wa HDMI (wa kupeleka picha): picha ikitokea huko, tatizo liko kwenye kioo au waya wake. Kwa kioo cha OLED, aina inayojiwakia yenyewe, tochi haisaidii, hakina taa ya nyuma.