Altrasaundi ya 3D: angalia wiki kabla ya nauli

Dada zangu mnaopanda meli kutoka Ukerewe kuja Mwanza mjini kupiga altrasaundi ya 3D, ile inayotoa picha ya sura ya mtoto tumboni, msije mapema mno. Sura ya mtoto huonekana vizuri zaidi mimba ikiwa na wiki 26 hadi 30. Kabla ya hapo mashavu bado hayajajaa. Baadaye nafasi inambana, na akigeukia mgongoni mwako au akijifunika uso kwa mkono, hata mashine nzuri haitoi picha, maana lazima kuwe na maji ya uzazi mbele ya uso wake. Ulizeni mapema kama mtarudia bure.

Hela ikitosha kipimo kimoja tu, tafadhali chagueni altrasaundi ya kawaida, kabla ya wiki 24. Hiyo ndiyo inayokadiria umri wa mimba, inaonyesha mapacha na kondo la nyuma lilipokaa.