SOMO: Jinsi ya kupima maoni ya wananchi, hatua kwa hatua

Wakuu, kila mara inbox swali ni lile lile, "watu 2,400 watawasemeaje Watanzania zaidi ya milioni 60?" Naandika hapa mara moja, ukiulizwa na wewe mtumie mtu hii. Nafuata utaratibu wa Afrobarometer, mtandao wa kupima maoni ya wananchi Afrika, walioanza 1999 na hapa bongo wamefanya kazi na REPOA, taasisi ya utafiti.

1. Vibali. Mkoa, wilaya, kata mpaka kitongoji. Bila barua usitoke.

2. Maeneo. Chukua maeneo ya kuhesabia watu ya sensa, yagawe kimkoa na mjini/vijijini, piga bahati nasibu, lenye watu wengi lipewe nafasi kubwa zaidi. Watu 8 kila eneo, kwa hiyo 2,400 ni maeneo 300.

3. Kaya. Anzia sehemu iliyopangwa kwa bahati nasibu, hesabu nyumba, usiruke yenye mbwa.

4. MTU. Hapa ndo timu nyingi zinaharibu kazi nzima. Mdadisi kafika saa nne, kamkuta mzee barazani, kapewa kiti, anaanza kumhoji yeye. HAPANA. Zamu ni mwanaume, mwanamke, mwanaume, mwanamke. Zamu ikiwa ya mwanamke unaomba majina ya wanawake wote wa miaka 18 kwenda juu wanaokula chungu kimoja, awe shambani, awe gengeni, wote waandikwe, halafu tableti ichague mmoja (zamani tulitumia kadi zenye namba). Ikimwangukia aliye shambani unarudi jioni, na akikosekana unabadilisha KAYA, humchukui wifi yake kisa yupo karibu. Ukihoji wanaopatikana tu, wanaotoka alfajiri kutafuta riziki hawamo, halafu unauliza ni mara ngapi mwaka huu familia imekosa chakula, maji safi, dawa, nishati ya kupikia au hela, na majibu yanatoka ya kijiji ambacho hakipo.

5. Mahojiano. Lugha anayoitaka yeye, mbali na masikio ya watu.

6. Mwishoni uliza, "unadhani nani katutuma?"

MASWALI

Mdau wa Mbeya: Mkuu mi nimeweka kura Facebook wamepiga 9,000, si inazidi hao 2,400 wako?

Jibu: Haizidi. Soma namba 2 na 4. Marekani 1936, uchaguzi wa rais, gazeti moja lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 likasema Landon anashinda, Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Wingi haukuwasaidia.

Mdau wa Mbeya: Sawa ila 2,400 bado ni kidogo

Jibu: Ukichagua kwa bahati nasibu, 2,400 inakupa jibu linaloweza kupotoka kwa asilimia 2 tu juu au chini, 1,200 inakupa 3. Nchi iwe na watu milioni 5 au 60 hesabu karibu ni ile ile. Hili sitalirudia.

Binti Tandahimba: Samahani kaka, namba 6 inasaidia nini wakati mahojiano yashaisha?

Jibu: Swali zuri sana dada. Wengi wanaamini umetumwa na serikali hata ukiwaonyesha kitambulisho, na mwenye imani hiyo huwa anaipaka serikali mafuta kidogo. Ukiwa na jibu la namba 6 unalinganisha makundi mawili, unaona hofu imesogeza majibu kiasi gani. Ndo maana pia mwenyekiti akikusindikiza mwombe akutambulishe kisha aondoke, tena kwa heshima.

Binti Tandahimba: Na kwa simu je? Huku kufika wakati wa masika ni shida

Jibu: Inawezekana, ila usipige namba za kuokoteza. Shirika la Twaweza kwenye Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa simu, walianza kwa kwenda kwenye kaya zenyewe wakachagua watu, wakawapa simu na chaja ya sola, ndo wakawa wanawapigia. Asiye na umeme akabaki ndani ya sampuli.

Kijana wa Geita: Nyongeza, simu ziwe fupi, ikipita nusu saa mtu anaanza kujibu "ndiyo" kwa kila kitu

Jibu: Kweli kabisa. Na msimu wa korosho pigeni usiku baada ya kula, mchana wako mashambani.