Somo: Nichukue cc 600 au cc 1000? Jinsi ya kuchagua pikipiki ya mbio

Wakuu, salaam. Swali linalorudi sana kwenye kundi letu ni hili: "Nimepata hela, nichukue 600 au nimalizane na 1000 kabisa?" Hilo neno "kabisa" ndilo linalonipa wasiwasi. Anayeuliza ameshaamini kwamba 600 ni ngazi na 1000 ndiyo dari. Mimi niliamini hivyo hivyo, nikanunua ya cc 1000 kama pikipiki yangu kubwa ya kwanza, nikaiuza baada ya miezi minane. Haikuharibika. Kila siku nilikuwa natoka Kimara kwenda Posta, hapa Dar, kwa gia ya kwanza na ya pili, mkono wa kushoto umekufa ganzi kwa kushika klachi, mapaja yanaungua kwa joto la injini.

Nitatumia pikipiki tatu kama mizani: Kawasaki Ninja 650, Yamaha R6, na Yamaha R1 ya kuanzia 2015.

Kwanza tuelewane kuhusu cc

Ninja 650 na R6 zinakaribiana kwa cc, yaani ujazo wa injini (649 na 599), lakini ni pikipiki mbili tofauti kabisa. Ninja ina silinda mbili na inatoa nguvu za farasi kama 68. R6 ina silinda nne na inatoa karibu 118. Ukiishia hapo utasema R6 ni bora. Sasa angalia nguvu ya kuvuta, ile inayokutoa kwenye mataa. Ninja inafikia kilele chake, Nm 64 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu hiyo ya kuvuta), injini ikizunguka mara 6,700 kwa dakika. R6 ina Nm 61.7, na mpaka uipate lazima injini ifike mizunguko 10,500. Chini ya hapo R6 ni pole, inataka uikamue. Kwenye foleni ya Ubungo Ninja ndiyo yenye nguvu zaidi, ingawa kwenye karatasi imeachwa mbali.

R1 ina farasi karibu 200 na Nm 112. Uzito wake ni kilo 200 hivi, R6 kilo 190, Ninja kilo 193. Yaani unapewa nguvu karibu mara tatu ya Ninja juu ya uzito uleule. Hiyo hesabu iweke kichwani tunapoendelea.

Hatua ya 1: Andika barabara zako za mwezi mmoja

Andika ulizopita kweli, za ndotoni ziache. Kazini, sokoni, kwa mama mkwe, Jumapili Bagamoyo. Wengi wetu tutakuta robo tatu ni mjini, na safari ndefu ni Dar hadi Morogoro, kilomita mia mbili hivi. Njiani kila kijiji ni kilomita 50 kwa saa, matuta mengine hayana rangi, na askari wa tochi wapo chini ya mwembe. R1 inavuka 140 ikiwa bado kwenye gia ya kwanza. Kwa hiyo kwenye 50 unaishi na gia moja, unacheza na klachi, na injini iliyotengenezwa ipozwe na upepo wa kasi inachemka, feni haizimi.

Kama orodha yako imejaa mjini, jibu umeshalipata. Kama una kona nyingi za lami nzuri na unaishi nje ya jiji, endelea.

Hatua ya 2: Ikalie dakika ishirini

Usikae dakika moja na kupiga picha. Muombe muuzaji, weka pikipiki kwenye stendi ya nyuma, kalia, shika usukani kama unaendesha. Kiti cha Ninja kipo milimita 790 kutoka chini, R6 ni 850, R1 ni 855. Kwenye hizo mbili za mwisho usukani upo chini na miguu imekunjwa nyuma, uzito wa kiwiliwili unaangukia viganja. Kwenye kasi kubwa upepo unakuinua kifua na mikono inapumzika. Kwenye 60 hakuna upepo wa kukusaidia. Dakika ya kumi na tano mgongo utakuambia ukweli ambao hakuna video itakuambia.

Hatua ya 3: Pima mkono wako wa kulia

Hapa nakuomba usome taratibu.

Umelala kwenye kona, kuna mchanga kidogo au dizeli iliyomwagwa na lori, kama inavyotokea kila mara mlima Kitonga. Umefungua mafuta mapema mno. Tairi ya nyuma inateleza kwenda pembeni. Mwili unaogopa, mkono wa kulia unafunga mafuta ghafla. Tairi inashika tena kwa mkupuo huku pikipiki ikiwa imekaa upande, inajinyoosha kwa nguvu na kukurusha juu, hewani. Kwenye Ninja lazima ukosee sana ndipo yakufike haya. Kwenye R6, ukiwa mizunguko ya chini, unasamehewa. R1 haisubiri, nguvu ipo tayari popote ulipo.

Utasikia kwamba pikipiki za kisasa zina kompyuta ya kuzuia kuteleza. Ni kweli: R1 ilipata kihisi kinachopima hadi ulalo wa pikipiki mwaka 2015, na R6 ikapata udhibiti wa tairi ya nyuma pamoja na ABS (breki zisizofunga tairi) mwaka 2017. Lakini nyingi tunazouziwa mtumba ni za kabla ya hapo, na nyingi kati ya hizo hazina kitu. Uliza mwaka kabla hujauliza bei.

Na kompyuta hairefushi barabara. Kwenye 100 unasafiri mita 28 kila sekunde, na dereva mzuri kwenye lami kavu anahitaji mita arobaini na kitu kusimama tangu aguse breki. Kwenye 200 ni mita 56 kwa sekunde, na umbali wa kusimama unakuwa mara nne, si mara mbili. Mbuzi wa Chalinze hajui kama wewe una pikipiki ya cc 1000.

Hatua ya 4: Bei ya kuimiliki

Tairi ya nyuma ya Ninja ni 160/60, ya R6 ni 180/55, ya R1 ni 190/55 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita). Kadiri tairi inavyopanuka ndivyo bei inavyopanda, na R1 inaila haraka zaidi kwa sababu ya nguvu. Ulizia dukani kwanza kama saizi yako ipo au ni ya kuagiza. Nimeona pikipiki nzuri ikikaa bandani miezi miwili ikisubiri tairi.

Mafuta: mgandamizo (jinsi injini inavyobana hewa na mafuta kabla ya kuwaka) wa R6 na R1 ni takriban 13 kwa 1, wa Ninja ni 10.8. Injini zenye mgandamizo mkubwa zinataka petroli ya okteni ya juu, kwa hiyo soma kitabu chake, na usinunue petroli ya kwenye chupa kando ya barabara.

Kabla ya yote hayo toa pesa ya helmeti yenye alama halali ya ECE (kiwango cha usalama cha helmeti), glovu, koti lenye kinga za viwiko na mgongo, na buti. Kama ukishazitoa hizo hela ya 1000 haitoshi, basi bado hujafika kwenye 1000.

Hatua ya 5: Ukikagua ya mtumba

Fika mapema, ukute injini baridi, na uisikilize ikiwashwa. Linganisha namba ya chesisi na kadi. Angalia ncha za usukani, mikono ya breki na klachi, na vikanyagio: mikwaruzo ya upande mmoja inaeleza ilivyoanguka. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, chungulia vizuizi vyake kwenye fremu. Kama vimebonyea au vimechomelewa, iache. Futa nguzo za shokapu za mbele kwa kidole uone kama kuna oili. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi): 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani yenye kashata (mikato ya juu) nzuri bado ni ngumu kama ubao.

Ukiniuliza mimi: asiyewahi kuendesha zaidi ya cc 250 achukue 650 ya silinda mbili. Mwenye miaka miwili mitatu ya pikipiki kubwa na anayependa kona atafurahia R6 kuliko R1, kwa sababu ataweza kuitumia. R1 ni ya mtu aliyejifunza kujizuia.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi ni bodaboda miaka sita, cc 150. Barabara naijua. Siwezi kuruka moja kwa moja hadi R1?

Marahaba mdogo wangu. Kusoma barabara unakujua kuliko wengi wenye pikipiki za bei, hilo nakuheshimu. Tatizo lako litakuwa mguu wa kulia. Boda nyingi zina breki ya ngoma nyuma na sisi tumezoea kuikanyaga hiyo. Kwenye pikipiki ya mbio kazi kubwa ya kusimama inafanywa na breki ya mbele, ukikanyaga ya nyuma kwa nguvu tairi inafunga na kuserereka. Tafuta uwanja mtupu, nenda 40, minya breki ya mbele polepole kama unakamua chungwa, ongeza kidogo kidogo. Rudia siku kadhaa. Anza na 650.

Niko Nairobi. Jamaa wananiambia 600 huku juu inachoka, nichukue 1000. Ni kweli?

Nusu yake ni kweli, ndugu yangu. Nairobi ipo karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. R6 inabaki na farasi mia hivi. Lakini R1 nayo inapoteza kwa kiwango hichohicho, na farasi mia zinatosha kukupeleka Naivasha na kurudi. Angalia zaidi mfumo wa mafuta: R1 ilianza sindano za mafuta 2002 na R6 2003, na mfumo huo unajirekebisha kulingana na mwinuko. Za kabla ya hapo zina kabureta, zitavuta mafuta mengi kuliko hewa mpaka fundi abadilishe jeti (vitundu vinavyopitisha mafuta). Na siku utakayoshuka Mombasa, kumbuka nguvu zinarudi zote.

Mimi ni dada, urefu wangu sm 158. Nina haki ya kuota R6?

Dada, haki unayo kamili. Huhitaji nyayo zote mbili chini. Jifunze kusimama kwa mguu wa kushoto tu, ukihamisha kiuno kidogo upande huo, kulia ukibaki kwenye breki. Ila jifunzie kwenye kiti cha 790 kwanza. Kuishusha shokapu sikushauri mwanzoni, inabadilisha namna pikipiki inavyoingia kona.

Naishi Ujerumani, nina leseni ya A2. Naweza kuendesha ipi?

A2 inaruhusu hadi kilowati 35, na pikipiki iliyopunguzwa nguvu isiwe imezaliwa na zaidi ya kilowati 70. Ninja 650 ina 50, kwa hiyo inapunguzwa kihalali. R6 na R1 hazifai hata zikipunguzwa. Baada ya miaka miwili unafanya mtihani wa A. Huku Tanzania leseni ya daraja A inaanzia juu ya cc 125 na haitofautishi 150 na 1000, ndiyo maana naandika masomo marefu hivi.

Nataka kumbeba mke wangu.

Ninja 650. Kiti cha nyuma cha R1 ni kipande cha sponji, na shemeji hatapanda mara ya pili.

Mkuu, nimechelewa kusoma. R1 ya 2016 nimeshalipia, inakuja wiki ijayo.

Hongera, na sasa tuilinde. Ina hali nne za nguvu, PWR 1 hadi 4. Iweke 4, iliyo pole kuliko zote, na uiache hapo miezi mitatu, udhibiti wa kuteleza usiuzime. Kama tairi ni mpya, kilomita mia za kwanza zinateleza, usilale kwenye kona. Toka Jumapili alfajiri wakati barabara haina watu, peke yako, bila kundi la kukuvuta. Kabla ya kutoka pima upepo wa tairi zikiwa baridi na ufuate kibandiko cha kwenye mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi ya nyuma). Ukirudi, gusa cheni uone kama imelegea, kisha niandikie hapa umeionaje.